Maswali ya Wasomaji: Chanjo ya UKIMWI Inapowakinga Kima

Barua zilizotufikia baada ya makala yetu ya toleo lililopita kuhusu utafiti wa chanjo ya UKIMWI zinauliza karibu jambo lile lile kwa maneno tofauti: ikiwa chanjo imewakinga wanyama, kwa nini haiwakingi watu? Nimechagua barua saba na kuzijibu kwa mfuatano ambao nadhani utamsaidia msomaji asiye mtaalamu.

Nianze na neno moja la lugha. Magazeti mengi huandika kwamba chanjo hizi hujaribiwa kwa “nyani”, lakini wanyama wanaohusika si nyani tuwajuao sisi. Ni kima wa Asia wanaoitwa rhesus, wenye manyoya ya hudhurungi na uso mwekundu. Katika majibu yangu nitawaita kima, nao sokwe na tumbili nitawataja kwa majina yao, kwa sababu tofauti kati ya wanyama hawa ni sehemu ya jibu lenyewe.

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Tumefundishwa kwamba VVU ni virusi vya binadamu. Inakuwaje basi chanjo yake ijaribiwe kwa kima?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako amekufundisha vyema, na swali lako limegusa tatizo lililowasumbua watafiti tangu mwanzo. VVU vikiingia katika seli ya kima wa rhesus hukwama mapema, kwa kuwa ndani ya seli hiyo mna protini iitwayo TRIM5-alfa, iliyotambuliwa mwaka 2004, ambayo huvinasa virusi mara vinapoingia na kuvisambaratisha kabla havijajinakili. Sokwe nao huambukizwa VVU, lakini ni nadra waugue, kwa hiyo hawatuonyeshi ugonjwa unavyokwenda.

Kwa sababu hiyo watafiti hutumia ndugu wa VVU, yaani virusi vya upungufu wa kinga vya kima, vinavyofahamika kwa kifupi kama SIV. Asili ya virusi hivi ni Afrika. Tumbili wanavyo, na vilevile kima wenye rangi ya masizi wa Afrika Magharibi waitwao mangabei, na kwa kawaida wanaishi navyo bila kuugua, kwa sababu miili yao imezoeana navyo kwa vizazi vingi mno. VVU-2 vilitoka kwa mangabei hao, na VVU-1, ambavyo ndivyo vilivyoenea duniani kote, vilitoka kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kamerun. Lakini SIV vya mangabei vilipowapata kima wa Asia waliokuwa wakifugwa katika vituo vya utafiti vya Marekani, mambo yalikuwa mengine: seli zao za kinga ziitwazo CD4 zilipungua, magonjwa nyemelezi yakawavamia, wakafa kwa maradhi yanayofanana sana na UKIMWI. Virusi hivyo vilitambuliwa mwaka 1985, na tangu hapo kima wa rhesus amekuwa mnyama mkuu wa utafiti huu.

Kuna pia virusi chotara viitwavyo SHIV, ambavyo ndani ni SIV na nje vimevikwa ganda la VVU. Vilitengenezwa kwa sababu kingamwili, yaani protini za damu zinazomshika adui, hushambulia ganda la nje, na chanjo iliyotengenezwa kwa ganda la VVU haiwezi kupimwa ipasavyo kwa virusi vyenye ganda jingine. Naomba ulikumbuke jina hili la SHIV, kwa maana litarudi mara kadhaa hapa chini.

Swali: Mimi ni muuguzi. Ripoti husema chanjo “imeamsha mwitikio wa kinga” kwa kima. Mwitikio huo huonekanaje, na hupimwa vipi?

Jibu: Swali lako ni la msingi, na naomba tulitazame kwa karibu. Fikiria sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kishimo kikiwa na upana unaokaribia ule wa penseli. Sakafu ya kila kishimo imepakwa kingamwili zinazonasa kemikali iitwayo intaferoni gama. Mtaalamu wa maabara huchukua damu ya kima aliyechanjwa, hutenga seli zake nyeupe, huzimimina katika vishimo pamoja na vipande vidogo vya protini ya virusi, kisha huiacha sahani usiku kucha katika joto la mwili. Yoyote kati ya seli T, aina mojawapo ya seli nyeupe za kinga, inayokitambua kipande hicho humwaga intaferoni mahali pale pale ilipokaa. Asubuhi seli huoshwa, rangi huwekwa, na katika sakafu ya kishimo hujitokeza madoa, kila doa likiwa alama ya seli moja iliyomtambua adui. Kishimo cha kima ambaye hakuchanjwa huwa karibu kitupu. Madoa huhesabiwa kwa kila seli milioni moja, na hesabu hiyo ndiyo inayoandikwa katika ripoti kama mwitikio wa seli T.

Kingamwili hupimwa kwa njia nyingine, na hapo kuna mambo mawili ambayo waandishi wa habari huyachanganya kila mara. Kingamwili inaweza kushika kirusi, na kingamwili inaweza kukizima. Inayoshika tu huenda isikizuie kirusi kuingia katika seli. Ili kujua kama inazima, maji ya damu ya kima huchanganywa na virusi hai pamoja na seli, huku yakizimuliwa mara kumi, mara hamsini, mara mia tano, mpaka ionekane ni katika uzimuaji gani bado nusu ya virusi vinazuiwa.

Ndugu muuguzi, kipimo hiki hakikuambii kwamba mnyama atakingika. Hukuambia kwamba askari wapo kambini. Somo hilo tulilipata kwa uchungu. Mwaka 2002 ilichapishwa taarifa kwamba kima waliopewa chanjo iliyobebwa na adenovirusi namba 5, kirusi cha mafua kilichodhoofishwa, walionyesha mwitikio mkubwa wa seli T, na walipoambukizwa SHIV vya aina ya 89.6P walividhibiti badala ya kufa. Chanjo ya namna hiyo ikajaribiwa kwa watu wapatao 3,000 katika utafiti ulioitwa STEP. Madoa yalionekana kwa wengi wao, na hata hivyo utafiti ulisimamishwa Septemba 2007 kwa kuwa chanjo haikumkinga yeyote, na kati ya wanaume ambao hawakutahiriwa na waliowahi kuambukizwa adenovirusi hiyo, waliochanjwa walipata maambukizo zaidi kuliko wasiochanjwa.

Kosa lilikuwa wapi? Sehemu yake ilikuwa katika virusi vilivyotumika kuwapima kima. 89.6P huua seli za CD4 kwa kasi ya ajabu, jambo lililofanya vionekane kuwa mtihani mgumu, kumbe huingia katika seli kwa mlango tofauti na ule unaotumiwa na VVU vingi vinapoambukiza mtu, na ni rahisi kudhibitiwa na kima aliyechanjwa. Chanjo za aina hiyo zilipopimwa baadaye kwa SIV vya aina ya mac239, ambavyo ni vikaidi zaidi, nafuu iliyoonekana ilikuwa ndogo. Kwa hiyo kila unaposoma kwamba kima wamekingwa, uliza kwanza walikingwa dhidi ya virusi gani.

Swali: Nilisoma mwaka 2018 kwamba chanjo mpya imewakinga kima kwa asilimia 67. Miaka imepita na hatujaiona. Je, imefichwa?

Jibu: Haikufichwa, ndugu yangu. Ilijaribiwa kwa uwazi, tena katika bara letu. Chanjo unayoisema ilibebwa na adenovirusi namba 26, na ndani yake mliwekwa protini za VVU zilizoungwa kwa kompyuta kutoka aina mbalimbali za virusi vinavyozunguka duniani, ndiyo maana ikaitwa chanjo ya mozaiki. Kima waliochanjwa waliwekewa SHIV mara sita, na theluthi mbili yao hawakuambukizwa. Watafiti walitazama pia ni mwitikio gani uliwatofautisha waliosalimika na walioambukizwa, wakaona kwamba waliokuwa na kingamwili nyingi zaidi dhidi ya ganda la VVU, pamoja na seli T nyingi zaidi dhidi ya ganda hilo, ndio waliosalimika. Watu 393 waliochanjwa katika nchi kadhaa, zikiwemo Uganda, Rwanda na Afrika Kusini, walionyesha mwitikio unaofanana na ule wa kima. Ulikuwa msingi mzuri kuliko wowote uliotangulia, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliotumaini.

Ukafuata utafiti ulioitwa Imbokodo, uliowahusisha wanawake wapatao 2,600 wa Malawi, Msumbiji, Afrika Kusini, Zambia na Zimbabwe. Matokeo yalitangazwa Agosti 2021. Katika kundi lililochanjwa wanawake 51 walikuwa wameambukizwa, na katika kundi lililopewa sindano isiyo na chanjo walikuwa 63. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kusema kwamba chanjo inakinga. Utafiti mwingine wa aina hiyo, Mosaico, uliofanyika Ulaya na katika mabara ya Amerika, ulisimamishwa Januari 2023.

Kima hawakutudanganya. Walijibu swali waliloulizwa: je, chanjo hii inazuia virusi vya aina hii moja, vilivyokuzwa maabara, vikiwekwa kwa kipimo hiki na kwa njia hii? Wanawake wa Imbokodo waliulizwa swali jingine kabisa, kwa kuwa kila mmoja alikutana na virusi asivyovijua, vilivyokwisha kubadilika ndani ya mwili wa mtu mwingine, kwa wakati usiopangwa na mtafiti yeyote.

Asilimia nazo zinahitaji uangalifu. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya chanjo ya mRNA, teknolojia ile ile iliyotumika kwa chanjo za UVIKO-19, na habari ikaenea kwamba imepunguza hatari kwa asilimia 79. Ni kweli, lakini hiyo ni hatari katika kila mara moja ya kukutana na SHIV. Kima saba waliochanjwa waliwekewa virusi kila wiki kwa wiki 13. Mwishoni, wawili ndio waliokuwa hawajaambukizwa. Wengine waliambukizwa baada ya wastani wa wiki nane hivi, wakati wasiochanjwa iliwachukua wastani wa wiki tatu. Chanjo iliwacheleweshea maambukizo, na huo ni mwitikio wa kweli unaostahili kufuatiliwa, lakini msomaji aliyesikia “asilimia 79” alielewa kwamba karibu wanne katika kila watano walipona kabisa. Naomba wenzangu wanaoandika habari za afya wasitaje asilimia bila kusema ni asilimia ya nini.

Swali: Ndugu yangu wa damu anaishi na VVU. Kipimo kilionyesha ana kingamwili. Kama mwili wake umetengeneza kingamwili, mbona hazimponyi? Na kama za ugonjwa hazimponyi mtu, za chanjo zitafanya nini?

Jibu: Pole, na hongera kwa kusimama naye. Ndugu yako akiendelea kutumia ARV kama alivyoelekezwa, virusi vitabaki chini kiasi cha kutoonekana katika kipimo, na hilo ndilo la kwanza kwake.

Kuhusu kingamwili, nyingi kati ya zile zinazoonekana katika kipimo ni za kushika, si za kuzima. Ganda la VVU limefunikwa na sukari zinazofanana na sukari za mwili wetu, na sehemu zilizo wazi hubadilika haraka kuliko mwili unavyoweza kutengeneza kingamwili mpya. Watu wachache, baada ya kuishi na virusi kwa miaka, hupata kingamwili zinazozima aina nyingi za VVU kwa pamoja. Hapa kima wametufaa sana. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wamekuwa wakiwapa kima kingamwili hizo kwa dripu kisha kuwawekea SHIV, na ilionekana wazi kwamba zikiwemo za kutosha katika damu, maambukizo huzuiwa. Zilipojaribiwa kwa watu zaidi ya 4,600, wakiwemo washiriki wa Tanzania na Kenya, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba kingamwili moja pekee haikutosha dhidi ya virusi vyote vinavyozunguka, ila dhidi ya virusi vinavyozimika nayo kwa urahisi ilizuia takriban asilimia 75 ya maambukizo. Yaani kile kilichoonekana kwa kima kilithibitika kwa binadamu, kwa sharti lile lile la aina ya virusi.

Kazi iliyobaki ni kuufundisha mwili utengeneze kingamwili hizo wenyewe. Mwaka 2019 kima waliochanjwa kwa ganda la VVU lililotengenezwa kwa mfano wa virusi vya mtoto mchanga wa Nairobi walipimwa, na wale ambao maji ya damu yao yaliendelea kuzima virusi hata yalipozimuliwa mara 500 walikingwa karibu wote. Tulipata kiwango cha kulenga. Lakini kinga hiyo ilihusu virusi vyenye ganda hilo hilo tu.

Upande wa seli T nao una hila zake, na kisa cha kima mmoja kitakuonyesha. Alikuwa miongoni mwa kima wanane waliochanjwa kwa chanjo ya DNA, yaani iliyobeba jeni za virusi, kisha wakaambukizwa SHIV. Kwa miezi kadhaa seli zake T zilivibana virusi hata visionekane katika damu. Nguvu yake kubwa ilitokana na seli zilizokitambua kipande kimoja cha protini ya ndani ya virusi, chenye amino asidi tisa tu, yaani vijenzi tisa vya protini. Kisha, kati ya herufi zipatazo elfu kumi za jeni za virusi, ikabadilika herufi moja, na katika kile kipande cha amino asidi tisa moja ikawa nyingine. Seli zilizokuwa zikimlinda hazikukitambua tena. Virusi vikafumka, CD4 zikaanguka, akafa kwa UKIMWI. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 2002, na ndiyo iliyonifanya niache kupima chanjo kwa wingi wa madoa tu, nikaanza kuuliza ni sehemu ngapi tofauti za virusi zinazotambuliwa.

Swali: Surua na polio vilishindwa kwa virusi vilivyodhoofishwa au kuuawa. Kwa nini wasifanye vivyo hivyo kwa UKIMWI?

Jibu: Walifanya, kwa kima. Mwaka 1992 iliripotiwa kwamba kima waliopewa SIV vilivyokatwa jeni iitwayo nef walikingwa dhidi ya SIV vikali, na mpaka leo hiyo ni miongoni mwa kinga imara kabisa zilizowahi kuonekana kwa wanyama hawa. Ila mwaka 1995 ikaonekana kwamba SIV vilivyodhoofishwa, hata vilipokatwa sehemu zaidi, viliwaua watoto wa kima waliovipata kwa mdomo, na baadaye baadhi ya wakubwa nao wakaugua. Virusi vya jamii hii hujipachika katika jeni za seli na kukaa humo maisha yote, na hakuna daktari mwenye dhamiri atakayempa mtu mzima wa afya kitu cha namna hiyo.

Virusi vilivyouawa vina historia ya ajabu zaidi. Viliwakinga kima vizuri mno, hata watu wakaanza kushangilia. Ndipo mwaka 1991 watafiti wa Uingereza walipofanya jambo ambalo kila mwanasayansi kijana anapaswa kulijua: waliwachanja baadhi ya kima kwa seli za binadamu zisizo na virusi vyovyote, na baadhi yao wakakingwa vilevile. Virusi vya kuchanjia na virusi vya kupimia vyote vilikuwa vimekuzwa katika seli za binadamu, na vilipotoka humo vilibeba vipande vya ngozi ya seli hizo. Kinga ya kima ilikuwa imevishambulia vipande vya seli za binadamu vilivyojibandika juu ya virusi, wala si virusi vyenyewe. Bila kundi lile dogo la kulinganishia, tungeupoteza muda mrefu kwa chanjo isiyokuwepo.

Swali: Je, si dhuluma kuwaambukiza wanyama hawa?

Jibu: Ni mzigo, na sitaki kuupunguza kwa maneno. Kila utafiti hupitiwa na kamati ya maadili, idadi ya wanyama huwekwa kuwa ndogo kadiri hesabu inavyoruhusu, na anayefikia dalili kali huuawa bila maumivu badala ya kuachwa ateseke. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitangaza mwaka 2015 kuacha kugharimia utafiti wa tiba kwa sokwe. Kuhusu kima wa rhesus, mimi naona utafiti wenye swali lililotungwa vizuri unaweza kutetewa, na ule unaorudia swali lililokwisha jibiwa hauwezi.

Swali: Kuna chanjo yoyote iliyowahi kumtoa kima virusi ambavyo vimekwisha mwingia?

Jibu: Ipo. Katika jimbo la Oregon, Marekani, kundi lililoongozwa na Louis Picker lilitumia saitomegalovirusi ya kima, kirusi kinachokaa mwilini maisha yote bila kumsumbua mwenye afya, kibebe protini za SIV. Kwa kuwa kirusi hicho hakitoki, seli T hubaki zikizunguka tishuni daima, tayari kwa kazi, tofauti na chanjo nyingine ambazo askari wake hulala baada ya miezi. Waliochanjwa waliambukizwa SIV vya mac239, vile vikaidi nilivyovitaja. Karibu nusu yao chanjo haikuwasaidia kitu. Zaidi kidogo ya nusu virusi vilionekana kwa muda mfupi, vikadhibitiwa, na baada ya muda mrefu havikupatikana tena, si katika damu wala tishuni, kama ilivyochapishwa mwaka 2013.

Cha kushangaza ni kwamba seli T hizo zilitambua virusi kwa njia isiyo ya kawaida. Kwa desturi, seli T wauaji huonyeshwa vipande vya adui kupitia molekuli ambazo hutofautiana sana kutoka mnyama hadi mnyama, lakini hizi zilitumia, pamoja na nyingine, molekuli iitwayo MHC-E, ambayo hufanana karibu kwa kima wote na ina ndugu yake wa karibu kwa binadamu. Tena iligunduliwa kwamba mwitikio huo ulitokana na jeni chache ambazo saitomegalovirusi hiyo ilikuwa imezipoteza kwa kukuzwa muda mrefu maabara. Zikirudishwa jeni hizo, mwitikio wa ajabu hutoweka. Kwa hiyo sasa watafiti wanatafuta namna ya kuiandaa saitomegalovirusi ya binadamu ili iamshe mwitikio kama huo, na wakati huohuo wanachunguza kima wale wa nusu iliyoshindwa, wakiwalinganisha kwa damu na kwa tezi na wenzao waliopona katika vizimba vya jirani.